Kile Chuma cha Langoni

Kambini, mbele ya Isiolo
Jumapili, tarehe thelathini na moja, mwezi wa nane. Leo ni miezi saba na siku tisa tangu nitoke nyumbani.

Mwanangu Gakii,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye kivuli cha lori, karatasi nimeiweka juu ya sanduku la vifaa. Dereva anaondoka saa tisa kupeleka mapipa matupu Meru, na amekubali kuiacha barua hii Makutano, kwa yule muuza nyama aliye mkabala na steji, ambaye mjomba wako Kirimi hunywa supu kwake. Kesho asubuhi wewe naye mkipita hapo na sanduku lako kuelekea Embu, mtaipata. Ukiona mistari inapandana, ni mikono. Tangu juzi tunachimba mwamba, na leo vidole vimekataa kukunja.

Barua ya mama yako ilinikuta hapa mwezi uliopita, ikisema umepata nafasi ya kusomea stima kwenye chuo cha Embu. Niliisoma mara tatu, kisha nikampa nyapara wetu, Bwana Hassan, aisome kwa sauti, ili nisikie mtu mwingine akilisema jambo hilo. Wenzangu wakapiga sufuria. Hassan akasema, "Mzee, sasa binti yako atakuwa anakuja na kipimo chake kutufokea. Utamwita Madam?" Nikamwambia mimi nimemwita Mama tangu siku aliyozaliwa, kwa sababu amechukua jina la mama yangu, kwa hiyo Madam haitanishinda.

Mambo ya blanketi na sabuni mama yako ameshayamaliza, namjua. Mimi nina jambo moja tu, na nimelibeba miaka kumi na moja.

Ni habari ya kile chuma chekundu tunachofungia lango la ng'ombe. Kina urefu wa fimbo ya mchungaji, upande mmoja umekatwa kwa msumeno, na alama za meno ya msumeno zinaonekana hadi leo. Umekivuta asubuhi na kukisukuma jioni tangu ukiwa darasa la pili, na kesho utakivuta ukitoka. Hukuwahi kuniuliza kilitoka wapi. Mama yako aliniuliza mara moja, nikamwambia nilikiokota kazini. Sikukiokota. Nilikikata mwenyewe.

Utafundishwa haya kwa maneno mazuri kuliko yangu, lakini wacha nieleze nilivyoelewa mimi niliyeishia darasa la sita. Stima ikitoka kwenye transfoma lazima irudi kwenye transfoma. Waya ukichubuka ndani ya mashine na kugusa bodi, stima hutafuta njia ya kurudi. Inapita kwenye bodi, inashuka na waya wa ardhini, inaingia kwenye chuma tulichopigilia, inapita udongoni hadi kwenye chuma cha transfoma, inapanda juu. Njia hiyo ikiwa nyepesi, stima nyingi hukimbia mara moja, fyuzi inaungua, mashine inazima, na hakuna aliyeumia. Njia ikiwa ngumu, stima inapita kidogo kidogo, fyuzi haina habari, na bodi ya mashine inabaki imejaa stima ikingoja mtu. Ugumu wa njia hiyo yote, kutoka transfoma hadi kurudi transfoma, ndio mainjinia wanauita impidansi. Wanaupima, wanaujumlisha, wanagawanya, na wanajua kama fyuzi itakatika au haitakatika. Hesabu yenyewe ni fupi. Lakini inamtegemea aliyeshika nyundo na aliyepeleka vijiti vya kipimo, na siku ile vyote viwili nilivishika mimi.

Ilikuwa upande wa chini, unakoelekea Tharaka, ambako udongo ni mchanga na mawe. Tulikuwa tunaweka stima kwenye kisiagi kipya cha mahindi. Mimi ndiye niliyemwombea mjomba wako kazi kwa mwenye kisiagi, na alikuwa ameshaahidiwa kwamba mashine ikianza kuzunguka atakuwa yeye wa kuishika. Siku hiyo ilikuwa Alhamisi. Ijumaa shule yako ilikuwa inafunga, na ulikuwa umechaguliwa kusimama mbele ya wazazi useme jedwali la saba. Ulikuwa umenifanya niahidi. Lori letu lilipaswa kuondoka saa nane.

Chuma cha ardhi kilikuwa kirefu kuliko mtu, na kilitakiwa kiingie chote. Kilipofika kiunoni kikagonga mwamba. Nilipiga hadi kichwa cha chuma kikafunguka kama uyoga. Nyapara wetu wa wakati ule, marehemu Mbaabu, akaja akatazama, akatazama na jua.

"Ng'oa tuchimbe pengine," nikamwambia.

"Pengine wapi? Huku kote ni mwamba. Unataka kulala hapa?"

"Sitaki."

"Basi leta msumeno. Kinachoonekana ndicho kinachogombanisha watu."

Nikakata. Kile kipande kikabaki mkononi, kizuri, kimepakwa shaba, nikakiona kinafaa lango. Halafu Mbaabu akacheka akasema, "Sasa mpe mgonjwa uji kabla daktari hajafika." Hayo ndiyo maneno tuliyokuwa tukitumia. Uji ni maji ya chumvi. Unayamwaga kuzunguka chuma, udongo unalainika, kipimo kinasoma vizuri siku hiyo, na wiki ijayo ardhi imekauka na ugumu umerudi. Kila kikosi nilichofanya nacho kazi kilijua kupika uji huo. Nilimwaga madumu sita, nikafukia juu kwa mchanga mkavu.

Injinia alipofika hakushuka mbali na gari. Alinipa vijiti viwili vya kipimo na waya, akaniambia hatua za kwenda nazo. Kile cha kati nilikipigilia karibu na chuma kuliko alivyosema, kwa sababu nilijua kikiwa karibu kipimo husoma ugumu kidogo. Akazungusha mkono wa mashine yake, akasoma tano. Akaandika tano kitabuni. Akajumlisha na moja ya transfoma, ikawa sita. Mia mbili na arobaini, ambayo ndiyo nguvu ya stima, akagawa kwa sita, akapata arobaini, na fyuzi ilikuwa ya ishirini. Akasema, "Arobaini itaichoma hiyo fyuzi. Kazi safi, vijana."

Saa nane lori likaondoka. Ijumaa nilisimama nyuma ya darasa lenu na vumbi la Tharaka miguuni, nawe ukasema jedwali la saba bila kukosea hata mara moja. Ulipofika themanini na nne ulinitafuta kwa macho. Gakii, mwanangu, usije ukajibebesha hili. Nilikuwa na njia nyingine za kukuona siku ile. Ningeweza kuomba ruhusa. Ningeweza kutembea. Nakuambia tu kwa sababu kwa miaka mingi nilipokumbuka sauti yako ikisema themanini na nne, nilisikia na msumeno.

Ukavu ulipokuja, kisiagi kilikuwa kimetetemeka miezi minane na waya ulikuwa umechubuka ndani. Kirimi alishika mkono wa mashine kuizima ili ampimie mama mmoja unga, na mashine ikamshika yeye. Hakuweza kuachia. Yule mama alichukua mti wa mizani akampiga nao mkononi, akamng'oa kwa kipigo. Ndiye aliyemwokoa. Vidole vilikuwa vimekufa, na hospitalini wakaukata mkono wa kulia chini ya kiwiko.

Wewe unajua kilichosemwa baada ya hapo, maana umekua ukikisikia. Usiku wa kuamkia siku ile kulikuwa na sherehe kwa jirani, na mjomba wako alikuwa amekunywa pombe ya asali kama vijana wengine. Bwana mmoja akatumwa kuchunguza. Hakupima. Alifungua kitabu, akaona tano, akafunga kitabu. Kisha akaniita.

"Ninyi ndio mliopigilia chuma cha hapa?"

"Ndiyo, bwana."

"Kilifika chini?"

"Ndiyo, bwana. Chote."

"Basi aliyekunywa ndiye aliyejiunguza."

Mjomba wako alikuwa kitandani na mimi nilikuwa nimesimama, na sikusema kitu. Mwenye kisiagi akakifunga mwaka uleule. Wazazi wa msichana wa Muthara ambaye Kirimi alikuwa karibu kumposa wakatuma watu kusema hawawezi kumpa binti yao mlevi aliyechezea stima. Sokoni Mikinduri wakaanza kumwita Kirimi Fyuzi. Umesikia anavyowajibu: "Fyuzi gani? Mimi sijaungua, nimekatwa tu." Wote wanacheka, naye anacheka. Tangu siku ile hajaonja pombe. Hata kwenye ruracio, mahari ikipelekwa, anaombwa aonje, anaomba chai, na watu wanasema, ameshika adabu. Nimekaa naye meza moja nikisikia hayo. Nimemwekea sukari kwenye hiyo chai.

Mwanzoni nilijiambia labda si mimi. Labda hata chuma kingeingia chote ingekuwa vilevile. Nilikuwa napumzika kwenye hiyo labda. Miaka mitatu baadaye tukawa Mbeere, chini ya Embu, kwenye udongo kama ule. Chuma kikagonga mwamba kiunoni, na injinia wa huko akaja mapema kabla uji haujapikwa. Akapima kikavu, vijiti akaweka mwenyewe. Ikasoma sabini na tisa. Niliiandika kwenye kiganja kwa kalamu na nikaacha kunawa mpaka jioni.

Sabini na tisa na moja ya transfoma ni themanini. Sikuigawanya. Niliogopa kuigawanya kwa miaka mitano. Kisha ukaja likizo ukiwa kidato cha pili, na hapa ndipo ninapotaka ukumbuke nami. Tulikuwa uani tunapukuchua mahindi, wewe, mimi na mjomba wako, naye amebana gunzi kati ya magoti akipukuchua kwa mkono wa kushoto na akitushinda wote wawili. Ulikuwa unatuambia mliyofundishwa kuhusu stima, umefurahi, mikono imejaa pumba. Nikakuuliza, kama mtu anayeuliza tu, mia mbili na arobaini ukigawa kwa themanini unapata nini.

"Tatu, Baba. Hata mtoto wa darasa la nne anajua."

"Na fyuzi ni ya ishirini. Itakatika?"

"Kwa tatu? Haiwezi. Itadhani kuna mtu anapiga pasi."

"Na mtu akiigusa hiyo mashine?"

Ukaacha kupukuchua. Ukafikiri, kisha ukasema, "Basi huyo mtu ndiye ataungua badala ya fyuzi."

Mjomba wako akakupiga begani na gunzi, akasema, "Huyu ni injinia! Mimi hesabu zangu niliziacha kwenye kisiagi." Ukacheka. Mimi nikasema naenda kuangalia ndama. Nilikwenda hadi langoni nikashika kile chuma, nikakaa hapo mpaka mama yako akaita. Hukujua, na hukuwa na namna ya kujua, kwamba ulikuwa umenifanyia hesabu ya mkono wa mjomba wako. Ulinipa jibu kwa furaha, ukitaka nijivunie. Nilijivunia. Vyote viwili vilikuwa ndani yangu kwa pamoja.

Pengine utauliza kwa nini sikusema siku ile bwana wa kitabu aliponiuliza. Niliogopa kupoteza kazi. Baadaye niliogopa mama yako, kwa kuwa Kirimi ni mdogo wake wa mwisho na alimbeba mgongoni. Mwisho kabisa nilikuogopa wewe. Ulikuwa unaniangalia nikirudi na mkanda wa kupandia nguzo begani, na ulikuwa unawaambia wenzako, baba yangu ndiye anayeleta stima. Sikutaka kuyapoteza macho hayo. Na sasa unakwenda kusomea kazi yenyewe, na mwaka ujao mwalimu atakuandikia hesabu hiyo ubaoni, na utaikumbuka siku ya mahindi, na utajijibu mwenyewe. Ni afadhali uisikie kwangu.

Wiki hii limetokea jambo dogo hapa. Injinia wa kupima alikuwa anakuja Ijumaa, na ni msichana, pengine anakuzidi miaka minane tu. Chuma cha transfoma ya mwisho kilikuwa kimegonga mwamba. Asubuhi Hassan akanijia na dumu.

"Mzee, mgonjwa amekunywa uji?"

Nikamwambia, "Hapana. Leo apimwe akiwa na njaa."

Alidhani natania. Nikakaa juu ya lile dumu. Akasema, "Wewe mzee, unajua kikisoma vibaya tutachimba upya kwenye transfoma zote saba? Tulikuwa tuondoke mwezi wa kumi!" Nikasema najua. Wenzangu wakanitukana kwa lugha nne, na moja ilikuwa ya kwetu. Yule injinia alipofika akanipa vijiti. Nilipeleka hatua zote alizosema, nikazihesabu kwa sauti. Kipimo kikasoma hamsini na mbili. Akanitazama, akaniuliza, "Mzee, huku kwingine kote kukoje?" Nikamwambia kama huku. Sasa tunachimba upya zote saba, kwa mashimo marefu, na tunaunganisha vyuma vitatu vitatu kwa waya wa shaba. Ndiyo maana mikono iko hivi. Tangu juzi Hassan ananipakulia chakula mwisho, lakini bado ananipakulia.

Siku moja utashika kipimo wewe. Watu kama mimi watakuambia, "Madam, tumefika chini." Usituone wabaya. Tumechoka, na nyumbani kuna mtoto anayengoja tumsikie akisema jedwali. Lakini shuka kwenye gari. Gusa udongo, uone kama umelowa wakati hakujanyesha. Kijiti cha kati kipigilie mwenyewe. Na kama jua ni kali na kipimo kimesoma vizuri mno, uliza tena, kwa upole, maana aliyedanganya mara nyingi anangoja kuulizwa mara ya pili. Mimi niliulizwa mara moja tu.

Najua unaisoma hii mjomba wako akiwa kando yako, amebana sanduku lako kwa miguu ili lisiteleze. Namjua, atakuwa amekununulia ndizi. Sikuombi umfiche wala sikuombi umwambie, mambo hayo yote mawili ni mazito kuliko safari yako. Akikuuliza barua inasema nini, mwambie, Baba anasema akirudi atakuja kwako kwanza. Huo ni ukweli mtupu, na hautakugombanisha na mtu.

Mama yako pia nitamwambia mwenyewe, baada ya Kirimi, si kabla. Na huyo bwana wa kitabu kama bado yuko, au yeyote aliyekalia kiti chake, nitakwenda kumwambia iandikwe upya kwamba mtu wa kisiagi hakuwa na kosa. Mkono hautarudi, hilo najua. Lakini jina lake liko mahali fulani limeandikwa vibaya, na niliyelichafua ninajua liko wapi.

Unaweza kunikasirikia, Mama. Kasirika hata muhula mzima ukitaka, ila niandikie, hata kama ni mistari miwili, uniambie kama maji ya huko ni baridi na kama mwalimu wa hesabu anakupa kazi ya kutosha.

Dereva amewasha lori. Naibandika kwa ugali uliobaki.

Nitarudi Jumamosi ya kwanza ya mwezi wa kumi na mbili, transfoma zote saba zikishapimwa. Nitafika langoni mchana. Nitakivuta kile chuma na sitakirudisha, lango lifungwe kwa mti, na kabla sijaketi wala kunywa chai nitakipeleka kwa mjomba wako, nimwekee mkononi, nimwambie kilikokatwa na aliyekikata. Kama baada ya hapo ataniita shemeji, Jumatatu nitapanda gari la Embu nije kukuona. Kama hataniita, nitakuja vilevile.

Baba yako